Muulize Shangazi Ngao: Upanga Mmoja, Mapishi Mbalimbali

Wiki hii tena wapiganaji wa Dungeons & Dragons wamenijazia barua. Najibu kwa kanuni za mwaka 2014. Wa toleo la 2024, kitabu chenu kwanza, lawama baadaye.

Shikamoo Shangazi. Niko ngazi ya 5. Zamu yangu ikifika nasema "nampiga", narusha dadu, basi. Mchawi wetu akianza kueleza uchawi wake, chai inapoa. Nibadili kazi?
*Nimechoka Kukata*

Marahaba mwanangu. Kazi usibadili, badili tabia. Ngazi ya 5 ukishambulia una mapigo mawili, na pigo lolote waweza kulitoa ukamkamata adui au ukamsukuma. Tuseme zimwi limewavamia. Kwa pigo la kwanza likamate, mshindane nguvu. Kwa la pili libwage chini. Kuinuka kunagharimu nusu ya mwendo wake, na aliyekamatwa mwendo wake ni sifuri. Litabaki hapo hapo sakafuni. Kila aliye ubavuni mwake atarusha dadu mbili za pande 20 na kuchukua iliyo kubwa. Mpiga upinde asogee, maana akimlenga aliyelala kutoka mbali atachukua iliyo ndogo. Ila usijaribu kukamata kitu kinachokuzidi umbo zaidi ya daraja moja. Utachekwa.

Shangazi, nimevaa chuma mwili mzima, lakini maadui wananipita kando kwenda kumpiga mchawi. Lawama zote kwangu!
*Mlinzi wa Bure*

Pole. Kosa lako ni kusimama katikati ya ukumbi. Simama mlangoni, chagua kukwepa badala ya kupiga, na kila anayekushambulia, mradi unamwona, atachukua dadu ndogo. Akitaka kukuponyoka, una haki ya kumchapa pigo la papo hapo. Lakini haki hiyo ni moja tu mpaka zamu yako irudi, na kama umejifunza kumkinga mwenzio kwa ngao, kinga nayo inakula fungu hilo hilo. Chagua: kukinga au kuchapa. Na huyo mchawi ana miguu. Mwambie akae ndani ya futi 5 kutoka kwako, la sivyo ngao haimfikii.

Shangazi, ile nguvu ya kutenda mara ya pili katika zamu moja naitunzia joka. Tumemaliza pango zima, joka hatujaliona.
*Mweka Akiba*

Ungekuwa mweka hazina wa kikoba ningekupigia makofi. Nguvu hiyo hurudi ukipumzika saa 1 tu, sawa na ile ya kujirudishia pumzi. Itumie raundi ya kwanza: adui akianguka mapema, mapigo yake yote ya baadaye yameanguka naye. Joka mwombeni mwendesha mchezo alilete baada ya mapumziko. Akikataa, kimbieni mapema.