Muulize Shangazi: Nimependa Nyumba Wakati wa Kiangazi

Safu hii ni ya mambo ya ndoa, na mhariri amenikumbusha hivyo tena juzi. Lakini barua za wiki hii zote zimetoka kwa watu waliopenda nyumba mpya, na nilipozisoma sikuona tofauti. Kuna mshenga anayelipwa na upande wa pili, kuna mahari isiyoshuka, na kuna ugonjwa wa ukoo unaofichwa mpaka sherehe ipite. Basi nitajibu.

*Shikamoo Shangazi. Nimeona nyumba Goba, vyumba vitatu, haijawahi kulaliwa na mtu. Marumaru mpaka jikoni, dari ya jipsamu yenye taa za rangi. Dalali alinipeleka mwezi wa nane. Anasema kuna wateja watatu wana pesa taslimu, nisipotoa chochote leo naikosa. Roho yangu imeshahamia. – Nimezama*

Marahaba, mwanangu. Hao wateja watatu nawafahamu. Wanataka kununua kila nyumba ya Dar es Salaam tangu mimi ni msichana, na hawajanunua hata moja. Wapumzishe.

Kinachonitia wasiwasi ni huo mwezi wa nane. Mwezi wa nane kila nyumba ya jiji hili ni mwali aliyefundwa. Paa halivuji, mtaro hauna kazi, njia ya kuingilia inapitika hata kwa gari dogo. Tabia zake utaziona masika, Machi mpaka Mei, na vuli kidogo. Ukiweza kusubiri mvua, subiri. Ukishindwa, nenda kwa jirani anayekaa upande wa bondeni, umuulize maji hupita wapi. Huku mkiongea, angalia ukuta wa uzio wake: alama ya tope imekomea kimo gani?

Halafu nenda na mvua yako mwenyewe. Kwanza hakikisha mita ya maji ipo na inazunguka, maana "maji yapo" ya dalali mara nyingi ni boza lililojaza simtanki jana jioni. Fungua mabomba yote kwa pamoja na uvute maji chooni wakati huohuo. Hapo ndipo utajua kama bafuni panatoka maji au machozi. Ziba tundu la sakafu ya bafu kwa kitambaa, mwaga ndoo mbili tatu, nenda kanywe soda. Ukirudi, pita chumba cha pili kwanza, upapase ukuta unaopakana na bafu. Ukiwa umelowa, soda hiyo ndiyo faida yako ya safari. Ukiwa mkavu, zibua tundu uone kama maji yanalifuata au yanatuama kona. Sebuleni mambo ni kinyume: weka gololi sakafuni, na isiende popote.

Gonga marumaru kwa sarafu, moja moja, hasa za pembeni. Yenye sauti ya debe tupu haikupata udongo wa kutosha chini yake, na siku utakayoangusha mchi utajua. Watakucheka. Wacheke tu, pesa ni zako.

Kisha omba ngazi. Dari ya jipsamu ni shela, na mwanamume mwenye akili haozwi kabla shela halijafunuliwa. Panda juu ukiwa na tochi, tazama mbao za kenchi kama zimepakwa dawa ya mchwa, tazama kama kuna matundu ya misumari yanayoingiza mwanga. Ulizia bati ni la geji ngapi. Geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Namba ikipanda, unene unashuka, jambo lililowaliza wengi waliodhani wamepewa kubwa.

Umeme usiupime kwa kuwasha zile taa za rangi. Beba chaja ya simu, ichomeke kila soketi. Mlipe fundi umeme mwenye leseni afungue soketi mbili tu: waya wa soketi huwa mm 2.5, wa taa 1.5, na wa hita ya maji mnene zaidi. Kuna mafundi wanaotandika wa taa nyumba nzima, na chenji yake haikurudi kwa mwenye nyumba. Aangalie pia kama ethi imechimbiwa ardhini au ni waya tu ulioachwa unaning'inia nje kwa ajili ya picha.

Mwisho, shimo la choo. Funua mfuniko, usione aibu. Uliza gari la kunyonya maji taka litapita wapi, kwa sababu nimeona nyumba ya mamilioni iliyozungushiwa uzio vizuri kiasi kwamba siku shimo lilipojaa ilibidi ukuta uvunjwe.

*Shangazi, nyumba yangu ya Mbweni haina hata mwaka. Ina nyufa, na kuta zinatoa unga mweupe kwa chini. Aliyeniuzia anasema nyumba "inakaa" tu. – Na Mimi Nakaa Nayo*

Pole sana, mdogo wangu. Nyumba hukaa, ni kweli, lakini haikai huku inapasuka mdomo mpaka masikioni.

Nyufa nyembamba kama unywele, zilizosambaa kwenye plasta, mara nyingi ni za plasta iliyokauka haraka bila kumwagiliwa. Hizo zina dawa. Ufa unaoanzia kona ya dirisha ukishuka mshazari, au unaopanda ngazi kwa ngazi ukifuata maungio ya matofali, au ambao upande mmoja umetokeza kuliko mwenzake, huo ni msingi unaongea. Chora mstari kwa penseli pale ufa unapoishia, andika tarehe. Ukiuvuka mstari, acha kumpigia aliyekuuzia, mpigie mhandisi. Zege huhesabiwa kufikia nguvu yake baada ya siku 28, na mjini hapa zimo nyumba zilizopandishwa ukuta, paa na bei ndani ya siku hizohizo.

Huo unga mweupe ni chumvi. Inaweza kuwa imepanda na unyevu wa ardhini kwa sababu hakukuwekwa nailoni ya kuzuia maji juu ya msingi, au imekuja na mchanga wa ufukweni. Uombe iwe ya kwanza. Ya pili inakula nondo kimyakimya ndani ya zege, na rangi mpya haiizuii. Kwaruza ukuta kwa funguo nyuma ya mlango: mchanga ukimiminika, saruji ilikwenda kujenga nyumba nyingine.

Na kama yako ni ghorofa, hapo sitanii. Jengo la mtaa wa Indira Gandhi lililoanguka Machi 2013 likiwa bado linajengwa liliua zaidi ya watu 30, na Kariakoo tukazika tena Novemba 2024. Dai kibali cha ujenzi, uhesabu ghorofa zilizoandikwa na zilizosimama. Uliza majina ya mkandarasi na mhandisi, kisha uyahakiki kwenye bodi zinazowasajili. Aliyejenga kwa haki hachukii kuulizwa jina.

*Shangazi, ukuta mmoja tu wa sebule unanukia rangi mpya, mingine haina harufu. Ni vibaya? – Pua, Tabata*

Ndiyo.

*Shikamoo Shangazi. Niko Muscat kikazi. Kaka yangu amenisimamia kununua nyumba mpya Bunju na ananitumia video, nzuri sana, zina muziki. Anataka nimalizie malipo wiki hii. Roho inasita, lakini ni kaka yangu. – Dada wa Ughaibuni*

Marahaba. Muziki uliwekwa ili usisikie nini?

Mpigie simu ya video mchana, bila kumwambia mapema. Aanzie barabarani, aingie getini, afungue bomba, aonyeshe mita ya LUKU na namba yake, apande mpaka darini, bila kukata. Akisema bando limekwisha, mnunulie. Likiisha tena, umeshajibiwa.

Ila nyumba yenyewe ndiyo shida ndogo. Hati imeandikwa jina la nani? Usisomewe, itazame. Karatasi yenye muhuri wa serikali ya mtaa inathibitisha kwamba watu walikutana na kusaini. Hati miliki ni kitu kingine. Mtume wakili uliyemchagua wewe, asiwe rafiki wa kaka, afanye upekuzi kwa Msajili wa Hati: mmiliki ni nani, kuna rehani ya benki, kuna zuio la mahakama, na miaka imebaki mingapi, kwani umiliki hutolewa kwa muda, 33, 66 au 99. Na kwa kuwa tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, ulizia kama mita hiyo ina deni kabla hujalirithi.

Malipo usimalizie. Serikali ikijengewa barabara huzuia sehemu ya pesa ya mkandarasi mpaka kipindi cha matazamio kiishe, nawe una haki ya kuomba hivyohivyo. Iandikwe kwenye mkataba, miezi sita au mwaka, na uhakikishe masika imo ndani yake. Kaka akikasirika, mwambie ni masharti ya Shangazi.

*Shangazi, tumemaliza kujenga Kibada, mimi na mume wangu, na tumehamia. Kila Jumapili wanakuja wanaume wawili na futi kamba, wanapima madirisha na uwanja, wanachungulia vyumba. Mume wangu anasema ni mafundi wa pazia. – Mama Mwenye Nyumba*

Mama, mafundi wa pazia hawapimi uwanja.

Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mmoja wenu kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina lake peke yake. Kesho asubuhi nenda kwa Msajili wa Hati ukaulize namna ya kuweka zuio. Wanunuzi mnaosoma hapa, nanyi daini kumwona mke mwenyewe, na mumwone akiwa nyumbani kwake. Wa kuazima ofisini kwa wakili nao wapo.

Jumapili wakija, usigombe. Wape chai, waonyeshe lile bafu mnalojua linavuja, kisha uwaulize taratibu wametajiwa bei gani.