Shangazi Muhuri Anajibu Barua za Wasafiri

Barua za wiki hii ni nyingi, na baadhi zimekuja na taarifa za benki ambazo sikuziomba. Nirudie kwa waliochelewa: Shangazi hatoi viza, hana mtu wake ubalozini, na bahasha hapokei.

*Shangazi, nataka kwenda Ujerumani wiki tatu kumtembelea rafiki. Akaunti yangu ilikuwa na shilingi elfu arobaini. Shemeji ameniwekea milioni kumi na mbili, nikishapata viza nimrudishie. Zitatosha?*
Akaunti Imenona, Tabata

Kula na kulala Berlin wiki tatu, mwanangu, zinatosha na chenji inabaki. Kinachokuumbua ni tarehe. Ubalozi huomba taarifa ya miezi kadhaa ili uone mwenendo wa akaunti, na mwenendo wako unasomeka hivi: vocha ya elfu moja, makato ya benki, vocha ya elfu moja, halafu Jumanne mchana umekuwa tajiri. Ofisa anayesoma hayo ameshakutana na mashemeji wengi.

Kulipiwa safari si kosa. Aseme tu waziwazi: aandike barua, aambatanishe taarifa ya benki yake mwenyewe na aeleze mnahusianaje. Au huyo rafiki aende ofisi ya wageni ya mji wake huko Ujerumani, asaini ahadi rasmi ya kubeba gharama zako. Hiyo ina uzito, kwa sababu asipoitimiza serikali yao itamdai yeye.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo hukuliuliza. Nchi za Schengen zikikunyima viza, zinakupa fomu yenye visanduku vilivyotiwa alama, na kimoja kinasema wana shaka na nia yako ya kuondoka kabla viza haijaisha. Kila anayekutwa na alama hiyo ananiandikia kuhusu pesa! Ofisa anataka kujua nini kitakurudisha Tabata. Ni kazi yenye barua ya mwajiri inayotaja siku likizo inapoisha? Ni duka lenye leseni na risiti za kodi? Watoto walioko shule? Umeniandikia kurasa mbili kuhusu milioni za shemeji, na mpaka sasa sijui unafanya kazi gani.

Ada ni euro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi hata ukikataliwa. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000. Shemeji mwambie azichukue pesa zake leo, kabla hazijawavunjia undugu.

*Nina viza ya Ufaransa ya siku 90. Rafiki anasema zikiisha nipande treni hadi Ubelgiji, naanza 90 nyingine.*
Mpenda Treni, Mombasa

Huyo rafiki yuko nchi gani sasa, na kwa kibali gani? Nchi zote 29 za Schengen zina hesabu moja: siku 90 ndani ya siku 180 zozote. Chukua kalenda, simama kwenye siku unayotaka, hesabu 180 kurudi nyuma, ujumlishe zote ulizokuwa ndani, ya kuingia na ya kutoka zikiwemo. Usichanganye pia uhai wa viza na siku za kukaa. Viza inaweza kuwa hai miezi sita huku sehemu ya siku pameandikwa 30. Zamani mtu aliomba Mungu muhuri ufifie. Tangu Oktoba 2025 wameanza kuingiza alama za vidole na sura kwenye kompyuta mpakani, na hizo hazifutiki kwa jasho la mfukoni.

*Mama mchungaji aliiombea pasipoti yangu kabla ya usaili wa viza ya Marekani. Mafuta ya upako yamegandisha kurasa, na moja imechanika nikiitenganisha. Usaili ni wiki ijayo.*
Mpakwa Mafuta, Mwanza

Kurasa zikichanika, hata kwa imani, pasipoti imeharibika. Nenda Uhamiaji uwaeleze ukweli, uombe nyingine, na usaili usogeze mbele. Mama mchungaji wakati mwingine aombee bahasha.

Usaili wenyewe huwa wa dakika chache. Sheria yao ya uhamiaji ya mwaka 1952, kifungu cha 214(b), inamtaka ofisa akuchukulie kama mtu anayekwenda kuhamia mpaka wewe umridhishe kwamba sivyo. Mzigo ni wako. Kwa hiyo jibu kwa ufupi unakwenda wapi, kufanya nini, na unarudi kwenye nini. Faili lako lenye kurasa mia anaweza asilifungue kabisa. Ada ya dola 185 nayo hairudi, kwa hiyo usiingie ukiwa na usingizi.

*Kuna kijana stendi anauza kadi ya homa ya manjano bila sindano.*
Mwoga wa Sindano, Kisumu

Choma sindano. Kadi inaanza kufanya kazi siku ya kumi baada ya chanjo, na tangu 2016 inadumu maisha. Mbu haangalii kadi.

*Wakala amenipatia kazi Ghuba. Anasema niende kwa viza ya matembezi, nikishafika itabadilishwa iwe ya kazi. Pasipoti anayo yeye.*
Binti wa Tanga

Hapa sitanii. Viza ya matembezi haikuruhusu kufanya kazi. Ukiifanyia kazi, mwenye makosa mbele ya sheria ni wewe, na mwajiri asipokulipa utaogopa hata kwenda polisi. Dai mkataba kabla ya kupanda ndege, wenye jina la mwajiri, mshahara na saa za kazi, na viza yenyewe ya kazi. Pasipoti ichukue leo hii. Akigoma kuitoa, umeshajua utakayokutana nayo huko mbele.

*Mimi ni Mkenya. Nataka kwenda Arusha kuonana na wazazi wa mchumba wangu. Niombe viza gani, na niandae nini?*
Kijana wa Kitengela

Viza huhitaji, sisi ni Jumuiya moja. Beba pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, na kadi ya njano. Pale Namanga, tangu 2018, maofisa wa nchi zote mbili wanakaa jengo moja, na foleni ikiwa fupi utavuka hata chai haijapoa.

Maandalizi yako yaelekeze kwa baba mkwe. Ataulizia kazi, kipato, unapoishi, nani amekualika, na unakusudia kukaa na binti yake muda gani. Barua ya posa itangulie, na wazee waje nayo, si wewe. Akikukataa hakuna fomu ya visanduku, na ada, namaanisha zile soda na mchele, hairudishwi.