Goti la Shangazi na Siri za Wagonjwa

Mimi huweka misimbo ya kitabibu. Nakaa chumbani kwangu hapa Houston, nasoma maelezo ya madaktari na kuyageuza kuwa herufi na tarakimu ili bima ilipe. Mfumo tunaoutumia Marekani tangu 1 Oktoba 2015, ICD-10-CM, una misimbo kama 70,000 na haukusahau balaa lolote. Ukidonolewa na kuku, ni W61.33XA. Ukirudi kuangaliwa kidonda, hiyo A ya mwisho inakuwa D. Bata akikugonga naye ana msimbo wake.

Kuku na bata hawanisumbui. Wanaonisumbua ni binadamu. Kwa ndugu zangu wa Mombasa, mimi ni daktari. Shangazi hunitumia picha za goti lake WhatsApp, la kulia na la kushoto, nilinganishe uvimbe.

"Shangazi, mimi sitibu, naandika misimbo tu."

"Basi niandikie hiyo misimbo, mwanangu, niende nayo duka la dawa."

Kwa majirani, kinyume chake: sina kazi. "Si uko nyumbani tu?" huniambia, kisha naachiwa mtoto, mzigo wa posta na fundi wa bomba.

Halafu akaja mama mkwe. Sheria ya HIPAA ya mwaka 1996 inalinda siri za wagonjwa, kwa hiyo hata mume wangu haruhusiwi kuchungulia skrini yangu. Walioitunga hawakumjua Mama. Aliingia bila hodi, sahani ya mahamri mkononi, nami nikaifunga kompyuta paap! Akanitazama, akaitazama kompyuta, akageuka na mahamri yake.

Usiku mume wangu akaitwa sebuleni. "Mwanangu, mkeo ana mtu kwenye ile mashine. Nikiingia tu, anamfungia."

Mume wangu akaeleza habari za sheria, faini na siri za wagonjwa. Mama akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na huyo mgonjwa ni mwanamume?"

Baadaye nilimfungulia mume wangu kitabu cha misimbo, ambacho si siri, nikamwonyesha Z63.1: matatizo na wakwe. Akauliza dawa yake. Kitabu hakitaji dawa.

Basi msomaji, ukiwa na ndugu anayefanyia kazi nyumbani, piga hodi, ungoje uitikiwe. Na goti likikuuma, nenda hospitali.