Sukari Haina Matata, Matata ni Tarehe

Sukari yenyewe haina matata. Imekaa zake kwenye damu, kimya, haiombi nauli, haigombani na mtu. Matata ni tarehe. Ukishaambiwa una sukari, jirani yangu, mwili si wako tena. Ni wa sista. Anashika kalamu, anaandika tarehe kwenye buku lako, anafunga, anaita mwingine. Haulizi siku hiyo una nini. Una shamba la kupalilia, una kesi, una mke anayejifungua, shauri yako.

Na mimi sina sukari peke yake. Nina presha pia. Tangu utotoni kila kitu napewa na nyongeza, isipokuwa nyama. Sukari ina siku yake ya kliniki. Presha ina siku yake. Macho, kliniki yake iko Arua, maana sukari inaharibu macho polepole bila kupiga hodi, kwa hiyo walau mara moja kwa mwaka lazima mtu anichungulie ndani ya jicho kwa taa. Miguu nayo inataka kukaguliwa, kidole kwa kidole, na soksi zangu unazijua. Mwili mmoja, kliniki chungu nzima, na kliniki zenyewe hazisemezani. Ni kama viungo vyangu vimetalikiana, kila kimoja kimepanga chumba mtaa wake, na mimi ndiye ninayepeleka salamu.

Sasa weka na safari. Mimi ni wa Kuluba, Uganda. Ukiwa Koboko mjini shika njia ya Oraba. Kabla hujaingia Sudani Kusini, hapo ndipo tulipo. Lami tunayo, sikatai. Ile lami ya Vurra, Arua, Koboko mpaka Oraba imetuheshimisha, malori yanapita mpaka usingizi unakimbia. Lakini lami haimbebi mtu. Anayebeba ni boda, na boda anataka hela. Kuluba mpaka Koboko, boda. Koboko mpaka Arua, takisi, na takisi haiondoki mpaka ijae, na kujaa kwenyewe unakujua: mpaka uwe umempakata mtoto usiyemjua mama yake. Serikali ilifuta malipo kwenye hospitali zake mwaka 2001. Ahsante sana. Nauli ikasahaulika. Kwa hiyo naumwa bure, napimwa bure, ninacholipia ni kufika.

Halafu wanasema, "Mzee, uje hujala."

Hujala! Mtu anatoka Kuluba giza bado halijaondoka, juu ya boda, upepo unaingia kwenye mikono ya shati, tumbo halina hata maji ya moto. Unafika steji ya Koboko. Hapo ndipo Shetani amefungua biashara yake. Kijana anamwaga mafuta, anavunja mayai, anayakunja ndani ya chapati, ndiyo rolex yenyewe. Harufu inanifuata mpaka getini. Watu wenye kongosho zima wanatafuna mbele yangu, wanafuta midomo, wanaagiza ya pili. Yule wa chapati ananijua. Ananipigia kelele steji nzima isikie: "Mzee wa sukari! Leo tena hauli?" Siku moja mkwe wangu alikuwa pale pale, anakunywa chai. Sikuwa nimemwambia. Sasa anajua, na ukoo wake wote hadi Yei, ng'ambo ya mpaka, unajua.

Ukifika kliniki, foleni. Benchi letu lina Wakakwa wa hapa, Wakakwa wa Congo na Wakakwa wa Sudani Kusini, maana mpaka ulichorwa bila kutuuliza, na sukari nayo haikuuliza. Kuna Kikakwa, kuna Kilugbara, kuna Lingala, kuna Kiarabu cha Juba, kuna hiki Kiswahili changu cha kuokoteza. Lugha zote zinalalamika. Mama mmoja wa ng'ambo anajidunga insulini. Nyumbani kwake hakuna friji, basi ana chungu ndani ya chungu, katikati mchanga uliolowana maji. Maji yanapokauka yanaondoka na joto, chupa ya dawa inabaki baridi. Nikamuuliza, mama, na bia je, inaweza kupoa humo? Hakunijibu. Sista ndiye alinijibu, mbele ya watu wote, na sitayarudia aliyoyasema.

Siku ya kwanza kabisa walinitoboa kidole, tone likaingia kwenye kijimashine, sista akasoma: "Mzee, 14." Nikafurahi. Shuleni sikuwahi kupata zaidi ya 10. Nikawageukia wenzangu wa benchi niwaoneshe uso. Kumbe kabla ya kula inatakiwa isizidi 7. Kumbe huu ni mtihani ambao anayefaulu ni mwenye alama ndogo, na mimi niliyezoea alama ndogo maisha yangu yote, hapa tu ndipo nikapanda.

Basi nikatafuta ujanja. Si wanapima siku ya tarehe tu? Siku chache kabla ya tarehe naacha soda. Naacha mandazi. Nakula majani ya kunde bila chumvi, natembea kwa miguu mpaka mbuzi wananishangaa. Nikifika, kidole kinasema vizuri, sista anatabasamu, narudi nyumbani kupitia kwa kijana wa chapati. Mambo yalikwenda hivyo mpaka daktari akaandika kipimo kingine, kinaitwa HbA1c. Nikadhani ni namba ya gari. Hicho kipimo ni mbea, ndugu yangu. Sukari inaganda kwenye chembe nyekundu za damu, na chembe hizo zinaishi kama miezi mitatu hadi minne kabla ya kufa. Kwa hiyo wakizipima wanaona miezi miwili mitatu ya nyuma. Soda ya harusi imo. Keki ya ubatizo imo. Ile chai ya matanga ambayo hata mama watoto haijui, imo. Daktari akaangalia karatasi, akaniangalia mimi, akaangalia karatasi. Mimi siku zote nilidhani damu husahau.

Kwenye foleni hiyo kuna mwalimu mstaafu ambaye hachoki kusema. Ndiye aliyenipa habari za Kuluva, ile hospitali ya wamisionari kule upande wa Vurra. Anasema kulikuwa na daktari Mwingereza hapo, Ted Williams, mtu wa kuandika. Kila mgonjwa anaandikwa, anatoka wapi, ana nini, na karatasi zinatunzwa. Mwaka 1961 huyo Williams akapanda gari na Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago, pamoja na mwenzao Cliff Nelson, wakazunguka Afrika maili 10,000 kwa wiki kumi hivi, hospitali kwa hospitali, wakiuliza juu ya ile saratani ya taya za watoto. Leo dunia nzima saratani hiyo inaitwa kwa jina la Burkitt, na kumbukumbu zilizotunzwa Kuluva zimewasaidia wasomi kuichunguza. Mimi nilichokisikia ni kwamba wametembea maili 10,000 na hakuna aliyewaambia waje hawajala.

Halafu nikaangalia buku langu. Ni daftari la shule, lina picha ya mchezaji mpira mbele na jedwali la kuzidisha nyuma. Humo ndimo yalimo maisha yangu yote ya ugonjwa. Kona moja mbuzi amekula. Mwanangu amefanyia hesabu ukurasa wa katikati, kwa hiyo kuna siku presha yangu ilisomeka pamoja na bei ya maembe. Sista akauliza hii 3,500 ni nini. Nikasema sijui, labda ni figo.

Tena mwalimu anasema Burkitt huyo huyo, aliporudi Uingereza, akageuka mhubiri wa chakula. Alikuwa anapima hata choo kikubwa cha watu wa vijijini Afrika, uzito wake, akilinganisha na cha Wazungu, akakuta wa vijijini wanawashinda mbali. Akasema siri ni chakula kisichokobolewa, nyuzinyuzi, majani, nafaka na maganda yake, na kwamba wanaokula hivyo hawapati sana haya magonjwa ya kizungu, sukari ikiwemo. Akaandika na kitabu. Yaani ule ugali wa bibi yangu, wa mtama na muhogo, mweusi, mzito, niliokuwa nauficha chini ya meza nikingoja mkate mweupe, mtu amepeleka habari zake Ulaya akawa maarufu! Mimi nilikuwa na ushahidi sahani nzima, nikampa mbwa. Yule mbwa alikufa mzee sana, hana sukari.

Sasa nikueleze la chupa. Sista aliniambia, "Tarehe hii uje na mkojo wa asubuhi." Hakusema kiasi gani. Mimi nikaona serikali ikiomba kitu, mpe cha kutosha. Nikajaza chupa ya maji ya nusu lita, nikafunga vizuri, nikaweka kwenye kavera, mfuko wa plastiki. Huku kwetu unajua mambo ya chupa. Arua ni mji wa wale OPEC Boys, vijana waliouza petroli ya magendo kutoka Congo barabarani, kwenye madumu na chupa, miaka na miaka. Mtu akiona kitu cha njano kwenye chupa hapa West Nile, hafikirii hospitali. Boda wangu mafuta yakapungua njiani. Akasimama. Akaona kavera langu. Akanyoosha mkono, akafungua tangi, akauliza, "Mzee, hii unaniuzia ngapi?" Nikasema haiuzwi. Akasema kila kitu kinauzwa. Nikakumbatia chupa. Akavuta. Watu wakaanza kukusanyika, wengine wakiniambia niache uchoyo, mbona kijana ananisaidia. Ikabidi niseme. Nikasema kwa sauti ndogo. Akasema hasikii. Nikasema kwa sauti kubwa.

Kliniki nikakabidhi nusu lita yangu. Sista akachukua kijiti, akachovya ncha tu, akanirudishia yote iliyobaki.

Watu wa nyumbani nao wamechoka na tarehe zangu. Matanga hayangoji kliniki. Shemeji yangu alipanga kikao cha mahari ya binti yake siku ya macho. Kule Arua waliniwekea dawa inayofungua mboni ili waone ndani, nikarudi jioni naona ukungu tu, nikakaa kikaoni, nikampa mkono mtu niliyedhani ni baba wa kijana. Alikuwa mpishi. Tukakubaliana naye ng'ombe.

Shemeji huyo ni mnene kuliko mimi, anahema akipanda ngazi moja, na hataki kupimwa. Mwaka 2014 walipima watu wazima nchi nzima, wakakuta karibu mmoja kwa kila wanne ana presha, na wengi wao hawajijui. Nimemwambia. Ananijibu kwamba ugonjwa unaanza siku ya kupimwa. Kabla ya hapo ni uchovu. Nakasirika, lakini pia namwonea wivu. Hana buku. Wiki yake ina siku saba.

Wivu wangu mwingine ni kwa wenzetu wa dirisha la ARV. Wale ambao hali yao imetulia wanapewa dawa za miezi mitatu, wengine hata sita. Wapo walioungana vikundi, mmoja anakwenda leo anawachukulia wenzake, mwezi mwingine anakwenda mwingine. Akili safi kabisa. Nikamfuata musawo, yaani daktari, nikamwambia, na sisi wa sukari je? Dawa zetu si vidonge vile vile tu, metformini asubuhi na jioni? Akasema wazo zuri, undeni kikundi, mje na majina.

Tukaunda. Siku ya kuchagua viongozi mimi nilikuwa chooni, natimiza wajibu wa chupa, safari hii ndogo. Nikatoka nikasikia makofi. Nikapiga na mimi, sijui ni ya nini. Kumbe nimekuwa mwenyekiti. Lengo la kikundi ni kupunguza safari za kliniki, na ili tupange jinsi ya kuzipunguza itabidi tukutane kila baada ya wiki mbili. Katibu akafungua buku langu, akatafuta mahali ambapo mbuzi hajafika, akaandika tarehe. Nikauliza saa ngapi. Saa moja asubuhi, akasema, na kwa kuwa tutapimana, wanachama wote waje hawajala. Mwenyekiti aje na mandazi ya wageni.