Lango Lisilojua Uongo

Kwa muda wa miaka 11 lango la nyumba yangu, hapa Raskazone mjini Tanga, lililindwa na mzee mmoja wa Pangani ambaye kazi yake, kwa mtazamaji wa juujuu, ilikuwa kulisukuma asubuhi nitokapo na kulisukuma tena jioni nirejeapo, lakini kwa hakika ilikuwa ni ubalozi kamili. Aliijua sauti ya gari langu lingali konani. Alimjua mgeni wa kukaribishwa kabla hajamaliza kupiga hodi. Na alimjua pia, pasipo kufundishwa na mtu, yule wa kuambiwa kwa majonzi makubwa kwamba bwana amesafiri kwenda Lushoto wala hakuacha habari ya siku ya kurejea. Siku moja, nikiwa nyuma ya pazia, nilimsikia akimsimulia mdai wangu hali ya barabara ya mlimani baada ya mvua, kona kwa kona, kwa ufasaha ambao hata mimi mwenyewe uliniingiza hofu kama nimefika salama.

Mzee huyo aliponiaga, akisema kwamba minazi yake inaangusha nazi zinazookotwa na watu wasioipalilia, nilimpa haki zake pamoja na radhi yangu, nikamweka kijana wa muda. Kijana alikuwa mwadilifu katika kila jambo isipokuwa usingizi. Jioni moja, mimi na mke wangu tukiwa tumeketi garini tunapiga honi na kungoja aamke, jirani yetu, mstaafu mwenzangu aliyejitia katika biashara ya samaki, aliwasili kwake, akabonyeza kitu kidogo mkononi, na lango lake likateleza kando lenyewe, kimya, mithili ya mtumishi wa jumba la sultani. Mke wangu hakutamka neno. Alilitazama lango la jirani, akalitazama letu, akashusha pumzi. Waume wenzangu wanaijua gharama ya pumzi ile.

Basi nikamwita fundi yuleyule wa jirani, akaja na mota. Nakiri kwamba mota yenyewe ilikuwa na haiba: sanduku la kijivu, ukubwa wa debe, lililofungwa kwa nati juu ya kikao cha zege, na ubavuni mwake limetokeza gurudumu dogo la meno, meno hayo yameumana na utepe mrefu wa meno mengine uliofungwa chini ya lango toka mwanzo hata mwisho, hivi kwamba gurudumu lizungukapo lango halina budi kufuata, kama kitambaa kinavyofuata meno ya cherehani. Palikuwa na kibati pia, kilichosema kwamba uzito wa lango usizidi kilo 400. Nilikisoma kibati kile jinsi watu wasomavyo karatasi iliyomo katika boksi la dawa ya kikohozi, yaani sikukisoma.

Hapana budi nieleze jambo moja ambalo aghalabu hulificha. Lango langu lilikuwa na simba wawili. Niliwaagiza kwa mchomea vyuma mwaka niliopokea kiinua mgongo, nao, kwa kuwa mchomeaji hakujaaliwa kumwona simba maishani mwake, walitoka na sura ya mbuzi wenye ghadhabu. Lakini walikuwa chuma kitupu, na kuwapandisha pale juu kulihitaji wanaume sita na masinia mawili ya wali.

Wiki mbili za mwanzo nilitoka na kuingia kupita haja. Nilikwenda dukani kununua kiberiti, nikarudi, nikaenda tena kununua mshumaa wa kuwashia.

Aibu ya kwanza haikutokana na ubovu wa mota bali na tabia yake. Ilikuwa imepangwa iache lango wazi sekunde 30 baada ya gari kupita, kisha ilifunge. Na sekunde 30, nimejifunza, zinamtosha sana mdai aliyejibanza chini ya mkungu wa jirani kuingia kwa mwendo wa heshima, kanzu yake isipate hata kunjo. Nilikuwa ningali nimeshika usukani aliponiinamia dirishani.

“Assalaam alaykum, bwana,” akasema. “Lushoto kwema?”

Hapo ndipo nilipong’amua nilichokinunua. Bawabu wangu alikuwa na ulimi; huyu wa chuma hakujua kukaribisha wala kudanganya, na kwake mdai na mjomba walikuwa kitu kimoja.

Kisha lango likaanza kufunguka lenyewe usiku wa manane. Tulilisikia vitandani likikokoteka polepole, likikaa wazi, likijifunga, nasi tukiwa kimya kila mtu akidhani mwenziwe kalala. Shangazi wa mke wangu, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Pemba, alishika hatamu, akaifukizia mota ubani kwa siku tatu mfululizo. Na naungama kwamba siku ya tatu lango lilitulia tuli. Sifa za shangazi zilikwisha kuenea mtaa mzima ndipo tulipotanabahi kwamba siku hiyo ya tatu jirani alikuwa amekwenda Korogwe msibani, ilhali siku nyingine zote huamka saa tisa za usiku kuwahi mnada wa samaki. Tulisimama barazani, yeye kwake na mimi kwangu, kila mmoja na rimoti yake. Alibonyeza, langu likafunguka. Nilibonyeza, lake likafunguka. Tukaendelea hivyo kwa muda usiowastahili watu wa umri wetu.

Tulipozifungua rimoti kwa bisibisi tulikuta ndani safu ya swichi 12, ndogo mfano wa punje za mchele, na kila moja huweza kukaa juu au chini. Kwa hesabu, mpangilio unaopatikana ni wa namna 4,096, nao ndio unaolitambulisha lango kwa mwenyewe. Zetu zilikuwa zote juu, kama zilivyotoka kiwandani. Fundi, katika namna 4,096 za kuzipambanua nyumba mbili, alikuwa ameridhika na namna moja kwa zote mbili, na nilipompigia simu hakubabaika hata kidogo.

“Mzee wangu,” akasema, “nilifanya vile kusudi mmoja wenu akipoteza rimoti muazimane.”

Hayo yote nayasamehe. Usiku wa harusi ya Chumbageni ndio nisioweza kuusimulia pasipo kutazama kama mlango umefungwa. Tulirejea saa sita za usiku, umeme umekatika, na mota ile ya awali ilikuwa ya umeme wa ukutani mtupu, haina betri. Bila umeme ilikuwa jiwe. Upo ufunguo mdogo wa kuitengua gia ili lango lisukumwe kwa mkono, na ufunguo huo niliutunza mno, nikauweka katika kabati la sahani, ndani ya nyumba, ndani ya lango. Mlango mdogo wa kupita watu nilikuwa nimeuziba kwa matofali kwa ajili ya usalama. Hivyo mimi, mtu wa miaka 66, katika kanzu ya darizi na kofia ya viua, nilipanda juu ya boneti ya gari, kutoka boneti nikapanda ukuta, na juu ya ukuta nikakwama, mguu mmoja nyumbani na mguu mmoja barabarani, maana pindo la kanzu lilikuwa limenaswa na kipande cha chupa miongoni mwa vile nilivyovipanda kwa mkono wangu mwenyewe minajili ya wezi.

“Baba watoto, angalia kanzu,” mke wangu akasema toka chini, amepakata sinia la pilau tulilofungiwa na wenye harusi. Mguu hakuutaja.

Kurunzi ikanimulika usoni. Walikuwa vijana watatu wa ulinzi shirikishi.

“Shikamoo, mzee,” akasema mkubwa wao, maana adabu hakuikosa.

“Marahaba.”

“Wafanya nini huko juu?”

“Naingia nyumbani kwangu.”

“Wote husema hivyo, mzee.”

Nikamwelekeza kwa mke wangu awe shahidi. Mke wangu, Mwenyezi Mungu amsamehe, alitafakari kidogo kabla ya kujibu. Mwishowe walinitegua, wakaniteremshia ndani, pilau ikapungua robo yake, na habari ikafika sokoni asubuhi kabla yangu.

Haikupita miezi mingi mota ikaanza kuunguruma bila kusogea. Fundi wa kwanza alisema ni kapasita, kikopo kidogo kinachoipa mota msukumo wa kuanzia, ambacho kikichoka mota hulia mahali pamoja mfano wa mtoto aliyekatazwa kutoka. Akakibadilisha, tukapata raha ya siku tisa. Fundi wa pili aliondoa kifuniko, kisha akaniita kwa sauti ya chini kama mtu aliyekuta maiti, na maiti ilikuwapo kweli: mjusi kafiri, amekaukia juu ya bodi, mkia umegusa waya huu na kidole kimegusa ule, na kando yake mayai mawili meupe, mviringo, mfano wa shanga. Maskini alitafuta joto na sitara, akavipata vyote viwili kupita kiasi. Sisimizi walikuwa wamekwisha kuanza mazishi. Tulinunua bodi mpya. Radi ya masika ikaja Aprili ikaichukua. Fundi wa tatu akabadilisha bodi tena, akabadilisha na gia, ambazo meno yake yalikuwa yamesagika yakawa unga wa kung’aa ndani ya grisi, na akaniapia kwamba sasa nitasahau. Nilisahau kweli, hata Juni.

Wa nne alikuja kwa baiskeli, mtu wa makamo, mkimya, na mfuko wa turubai begani, na jambo lililonikera mwanzo ni kwamba hakuigusa mota kabisa. Aliomba ufunguo, akatengua gia, akasogea kando akaniashiria nilisukume lango. Nilisukuma kwa mkono mmoja, halikujibu. Nikaweka mikono miwili na bega, likasogea shubiri moja.

“Mzee,” akasema, “lango lisilosukumika kwa mkono mmoja, mashine yake msiitukane. Mota kazi yake kuongoza, si kubeba.”

Akalala kifudifudi kando ya reli, akaanza kutoa kwa bisibisi: mchanga, kokwa za mkungu, kipande cha kandambili, mchanga tena. Aliyafungua magurudumu ya chini, akanitilia mkononi beringi iliyoliwa na hewa ya chumvi, nikaizungusha ikanilia kama kahawa inayosagwa. Kisha alisimama, akajipangusa magoti, akatazama juu kwa kitambo kirefu.

“Na hawa mbuzi, wana uzito gani?”

“Simba,” nikamsahihisha.

“Naam, simba,” akasema kwa upole, kama amwambiavyo mtu mgonjwa kwamba leo uso wake una nuru. “Basi hawa simba ndio walioila mota yako.”

Mafundi watatu walikuwa wamemtibu punda bila mmoja wao kuutazama mzigo, na mimi, mwenye kuupakia, nilikuwa nikiwalipa ujira. Simba wakakatwa siku ileile. Mizani ya mnunuzi wa vyuma chakavu ilisoma kilo 132 kwa wote wawili. Sikuwauza, wako bandani, na kuku hutagia katikati yao bila hofu yoyote. Reli ilisafishwa, magurudumu yakawa mapya, na kwa kuwa ile mota ya zamani ilikuwa imekwisha kufa mara nyingi mno, nilinunua nyingine, ndogo kuliko ya kwanza, inayotumia betri ya volti 12 iliyomo ndani yake, ambayo umeme wa ukutani kazi yake ni kuichaji tu. Rimoti yake hubadilisha siri yake kila ibonyezwapo, kwa hiyo mimi na jirani hatuna tena mchezo. Matundu ya nyaya yalizibwa kwa silikoni dhidi ya ukoo wa marehemu mjusi, na katika nguzo mbili za lango yamewekwa macho mawili madogo yanayotazamana kwa mwali usioonekana, ambao mtu akiukata, lango halithubutu kufunga. Ufunguo wa kutengua gia naubeba shingoni, chini ya kanzu.

Mwezi uliopita mzee wetu wa Pangani alikuja kututembelea, kikapu cha madafu begani. Nililifungua lango nikiwa nimeketi barazani na mke wangu, kwa fahari, pasipo kuinuka. Yeye hakuingia. Alisimama njiani palepale akaanza kutujulia hali kwa utaratibu wa watu wa zamani: nyumba, watoto, wajukuu, mbuzi tuliyekuwa naye mwaka ule, goti langu la kushoto, na kwa kila swali alisogea hatua moja mbele, na kwa kila jibu alirudi hatua moja nyuma. Lango, lilipotimiza sekunde zake 30, likaanza kujifunga. Akasogea na swali, mwali ukakatika, likarudi. Likaja tena, likarudi tena. Mara ya tatu alizikatiza salamu, akaligeukia, akasimama wima baina ya zile nguzo mbili, akalinyoshea bakora.

“Hebu tulia wewe,” akaliambia. “Nazungumza na bwana wako.”

Lango likatulia. Lilitulia muda wote aliosimama pale, naye, alipoona limetii, alitikisa kichwa kwa ridhaa, akaniuliza habari za shangazi wa Pemba. Maelezo ya macho mawili na mwali yalikuwa yamekwisha kunifika ncha ya ulimi, ndipo mke wangu aliponikanyaga mguu.