Mhadhara wa Filimbi, Steji ya Kapsoit

Huu ni mhadhara, si baraza la chifu. Wazee wetu mlioketi mbele, akina mama mliotoka kuchuna chai, na nyinyi vijana wa bodaboda ambao nimewaomba mara mbili mzime injini: leo nawafundisha kazi ya mwamuzi wa kimataifa wa raga. Nimeisomea kwa kina mbele ya televisheni ya hoteli ile pale, kila Jumamosi, chai nikijilipia mwenyewe. Mechi ya kimataifa sijawahi kuchezesha hata moja, na hilo ndilo linaloniwezesha kuizungumzia kazi hii bila upendeleo.

Tuanze na swali ambalo wasomi wenzangu hulikwepa. Refa hutoka wapi? Nawaletea ushahidi wa Nigel Owens, mtoto wa kijijini huko Wales. Alichezea timu ya shule ambayo ilikuwa imepigwa msimu mzima. Siku moja neema ikashuka: wakafunga trai, ukabaki mkwaju wa nyongeza, uko mbele kabisa ya milingoti, ukiingia wameshinda. Nigel akajitwika kuupiga mwenyewe. Mpira ukaenda kando. Mwalimu wake akamwambia, kwa upole wa walimu, kwamba pengine angefaa zaidi akishika filimbi.

Huyo aliyekosa mkwaju ndiye aliyechezesha fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2015 pale Twickenham, New Zealand wakiwapiga Australia 34-17. Na Novemba 2020, katika mechi ya Ufaransa na Italia, akawa mwamuzi wa kwanza duniani kufikisha mechi 100 za kimataifa. Kutokana na hayo nimetunga Kanuni ya Kwanza ya Kapsoit: kutojua kucheza ndicho cheti cha kwanza cha uamuzi. Na kwa kutojua kucheza, mabibi na mabwana, wadi hii ina hazina. Nimewaona uwanjani.

Kanuni ya Pili ni fupi. Owens ni mfugaji, ana ng'ombe wa Hereford. Wayne Barnes wa Uingereza ni wakili. Ng'ombe na kesi! Nani ameketi hapa ambaye hana ng'ombe, au kesi, au kesi ya ng'ombe aliyeingia shamba la jirani?

Sasa sayansi yenyewe. Raga ina sheria 21, lakini anayetaka kumjua refa amtazame kwenye raki, lile rundo la kugombea mpira. Mtu ameangushwa na mpira wake. Aliyemwangusha amwachie, aondoke. Aliyeanguka auachie mpira. Anayekuja kuupora awe amesimama kwa miguu yake mwenyewe, asiegemee mgongo wa mtu. Wanaokuja kusaidia waingilie nyuma, si ubavuni. Yote hayo hutukia kwa muda wa chafya moja, majitu ya kilo mia na zaidi yamelaliana, jezi zimejaa matope ya rangi moja, na refa ameinama hatua mbili kando akitakiwa kujua ule mkono unaoonekana chini ya goti ni wa nani, na umefika pale kabla au baada ya filimbi ya moyo wake kulia. Namfananisha na karani wa mizani kwenye kituo chetu cha chai. Mkono wake umezama ndani ya gunia ukisaka jani gumu lililofichwa chini ya majani mawili na chipukizi, wenye chai wamemzunguka kila mmoja na lake la kusema, na akikatalia mtu kilo mbili atachukiwa mpaka siku ya bonasi.

Tofauti ni kwamba karani hujibiwa. Refa wa raga hajibiwi. Wa kumwendea ni nahodha, tena kwa adabu. Mwaka 2012 mchezaji mmoja wa Treviso alijaribu kumlalamikia Owens. Aliitwa mbele akaelezwa, kipaza sauti kikiwa wazi, nani refa uwanjani na kwamba huo si mpira wa miguu. Dume lile likatulia tuli. Mimi nimejaribu mbinu hiyo hiyo hapa steji. Utafiti unaendelea.

Msidhani ni kazi ya raha. Mwaka 2007 jijini Cardiff, robo fainali ya Kombe la Dunia, Barnes akiwa na miaka 28 tu, Wafaransa walitoa pasi iliyokwenda mbele, ambayo ni haramu katika raga. Hakuiona. Trai ikahesabiwa, New Zealand wakalala 20-18, na nchi nzima ikakariri jina lake. Tarehe 28 Oktoba 2023 akapewa fainali ya kombe hilo hilo nje kidogo ya Paris, na New Zealand ni wale wale: kadi ya njano ya nahodha wao Sam Cane ikakaguliwa kwa video ikageuka nyekundu, Afrika Kusini wakashinda 12-11. Siku chache baadaye alistaafu na mechi 111, rekodi ya dunia wakati ule, vitisho vikiwa vimemfikia hadi mke wake. Kwa hivyo mnaponitukana, mimi najiona niko njia ile ile ya wakubwa.

Afrika je? Kombe hilo la 2023 lilikuwa na waamuzi 12 wa kati, na mmoja tu alitoka bara hili, Jaco Peyper wa Afrika Kusini. Naye akaumia mguu mapema katika robo fainali ya Wales na Argentina kule Marseille, Karl Dickson akashika filimbi. Bara zima likabaki benchi na mguu mmoja. Hata Georgia walimtoa mwamuzi wao, Nika Amashukeli. Sisi Wakenya tuna mashindano ya raga ya wachezaji saba, Safari Sevens, tangu 1996, tuliwatandika Fiji 30-7 katika fainali ya mchezo huo huo kule Singapore mwaka 2016, na timu ya Lions ya Uingereza na Ireland ilicheza Ngong Road, Nairobi, mwaka 1955. Lakini Kombe la Dunia la wanaume la wachezaji 15 halijawahi kuchezeshwa na Mkenya.

Kisingizio si mbio. Kipimo cha mbio cha waamuzi kiitwacho Bronco ni mita 20 kwenda na kurudi, kisha 40, kisha 60, mara tano bila kupumzika: mita 1,200. Wilson Kiprugut Chumo wa Kericho hii hii aliiletea Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya mita 800, Tokyo 1964. Hizo 400 zilizobaki tungezichanga.

Shida ni ngazi. Refa hukua kwa mechi anazopewa, na mechi kubwa wanazo marefa wa mataifa makubwa ya raga kila wiki, na mshahara juu. Refa wa kwetu Jumamosi anaamua mechi, Jumatatu anawahi kazini.

Naona mkono. Kijana wa pikipiki nyekundu anauliza kama nimewahi kuchezesha hata mechi ya shule. Hiyo ni kuotea. Kadi ya njano, dakika kumi nje ya mhadhara, na injini uizime huko huko.

Semina ya pili ni Jumamosi, mada ni skramu. Kiingilio shilingi hamsini. Filimbi kila mtu aje na yake, yangu siazimi.