Daktari Aitwe Mwisho

Nawaunga mkono wafugaji wanaomwita daktari wa mifugo siku ya nne. Haraka ya nini? Ng'ombe akigoma kula, jirani yupo, na ushauri wake ni bure. Kesho yake muuza duka la dawa anasikia neno "homa" tu, keshanyoosha mkono rafuni kutoa antibiotiki ya OTC. Mgonjwa wa nini kuonekana? Natamani marubani nao wangefundishwa hivyo, kwa kusimuliwa ndege. Siku ya tatu sindano iliyomchoma mbuzi juzi inapita shingoni, kipimo kwa macho. Ikiwa ni ndigana kali, ambayo dawa hiyo haiitibu, chupa haina kosa. Na maziwa hayamwagwi: mteja anauziwa chai na dawa humohumo, wala haongezewi bei. Ukarimu ulioje!

Ndipo sasa anapigiwa simu aliyesota miaka 5 pale chuo kikuu cha SUA, Morogoro. Aje kwa nauli yake. Anamkuta ng'ombe kalala ubavu, tezi za chini ya masikio zimevimba, povu puani, na mwenye bucha keshamtangulia, ananoa kisu.

"Afadhali umefika, daktari. Hebu tugongee muhuri wa nyama."